Kadi za zamani za magwiji wa besiboli: mwongozo kamili wa kuchagua, kukagua, kununua na kutunza

Kadi ya Babe Ruth iliyokunjamana, pembe zimeviringika na mgongoni ina doa la gundi, bado ni mali. Kadi ya Babe Ruth inayong'aa lakini kingo zake zimepitiwa na kisu ni hasara, hata kama jicho linaipenda zaidi. Wanaoanza hukosea hapo. Wanatafuta uzuri kwanza, na uzuri ndio kitu ambacho matapeli wanajua kukitengeneza.

Mwongozo huu unahusu kadi za Marekani zenye picha za wachezaji wa besiboli, za kuanzia mwaka 1909 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi ambayo kadi ziliwekwa ndani ya pakiti za sigara, kisha ndani ya pakiti za chingamu. Umeandikwa kwa mtu mwenye bajeti ya kawaida anayetaka kadi halisi za wachezaji wakubwa.

Hatua ya 1: Chagua gwiji, kisha seti

Usianze kwa kununua chochote kinachopita mbele yako. Andika majina matano hadi kumi ya wachezaji unaowapenda, halafu tafuta kila mmoja alichapishwa katika seti zipi (seti ni toleo zima la kadi za kampuni moja, mara nyingi la mwaka mmoja) akiwa hai na akicheza, na zipi zilimkumbuka baada ya kustaafu. Hizi ni biashara mbili tofauti kwa bei.

Seti kuu ya sigara ni T206, iliyotolewa na American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911. Ina kadi 524, na migongo ina matangazo ya chapa 16 za sigara. Humo yumo Ty Cobb kwa picha nne, Christy Mathewson, Walter Johnson na Cy Young. Honus Wagner naye yumo, ila kadi yake ilisitishwa mapema, zinajulikana karibu 60 tu, na mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Isahau hiyo. Mchezaji wa kawaida wa T206 katika hali duni bado hupatikana kwa makumi ya dola, na ni njia nzuri ya kushika karatasi ya enzi ile. Tazama mgongo pia: Piedmont na Sweet Caporal ni za kawaida, lakini mchezaji yuleyule mwenye mgongo wa Drum au Uzit huuzwa kwa bei ya juu zaidi.

Herufi hizo, T na nyinginezo, zilitoka kwa Jefferson Burdick, mkusanyaji aliyepanga kadi zote za Marekani kwa mfumo wa herufi na namba. T ni sigara za karne ya 20, N ni sigara za karne ya 19, R ni chingamu na peremende. Mkusanyiko wake aliukabidhi kwa Metropolitan Museum of Art, New York. Ukikutana na "R319" kwenye tangazo, ujue ni seti ya 1933 ya kampuni ya chingamu ya Goudey.

Hiyo Goudey ya 1933 ina kadi 240, na Ruth ana nne: namba 53, 144, 149 na 181. Namba 144, anayoonekana mwili mzima, ilichapishwa mara mbili kwenye karatasi kubwa ya kiwandani kabla ya kukatwa, kwa hiyo ndiyo inayopatikana zaidi. Lou Gehrig ana mbili, 92 na 160. Ruth yeyote wa seti hii, hata aliyechakaa kabisa, ni maelfu ya dola.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni za Bowman, Leaf na Topps ndizo zilizotawala. Kadi ya kwanza ya Mickey Mantle ni Bowman ya 1951, namba 253, na ya Willie Mays ni namba 305 katika seti hiyohiyo. Wengi hudhani kadi ya kwanza ya Mantle ni Topps ya 1952, namba 311. Hapana, ingawa hiyo ndiyo iliyovunja rekodi: nakala moja yenye daraja la ubora la 9.5 kati ya 10 (madaraja yameelezwa kwenye hatua ya 4) iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Hank Aaron alianza kwenye Topps ya 1954, namba 128, na Roberto Clemente kwenye Topps ya 1955, namba 164. Ukimtaka Jackie Robinson bila kufilisika, angalia Topps ya 1956, namba 30, iliyotoka mwaka wake wa mwisho uwanjani.

Jambo moja lisisahaulike unapopanga orodha. Kabla ya tarehe 15 Aprili 1947, siku Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers, wachezaji weusi walizuiwa kwenye ligi kuu, na kampuni kubwa za chingamu hazikuwachapisha. Josh Gibson, mmoja wa magwiji hao weusi, alifariki Januari 1947, kabla mlango haujafunguliwa. Mwenzake Satchel Paige alichapishwa baadaye, kwa mfano Bowman ya 1949 namba 224 na Topps ya 1953 namba 220. Oscar Charleston, naye wa kundi hilo, alipata kadi Cuba katika miaka ya 1920, kwa sababu alikuwa akicheza huko majira ya baridi. Kwa hiyo orodha ya magwiji iliyotengenezwa kwa kufuata seti za Marekani peke yake ina pengo, na pengo hilo lina sababu.

Kwa anayeanza, pendekezo letu ni seti zilizotengenezwa makusudi kuwaenzi wakongwe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Topps ilikuwa imewafunga kwa mikataba karibu wachezaji wote waliokuwa uwanjani. Fleer, kampuni nyingine ya chingamu, ikikosa nafasi, ikawageukia waliostaafu na waliofariki. Fleer Baseball Greats ya 1960 ina kadi 79: Ruth ni namba 3, Gehrig 28, Cobb 42, na Ted Williams 72, aliyekuwa bado anacheza lakini mkataba wake ulikuwa na Fleer. Ya 1961 ina kadi 154, Cobb akiwa namba 14, Gehrig 31 na Ruth 75. Kuanzia namba 89 hadi 154 ni adimu kidogo. Wajuzi wengi huzidharau kwa kuwa wachezaji hao walikuwa wameshastaafu. Kwetu sisi hilo ndilo linalozifanya zifae: ni karatasi halisi ya zaidi ya miaka 60, na Ruth aliyechakaa wa 1960 hununuliwa kwa makumi ya dola.

Topps nayo ilimkumbuka Ruth mwaka 1962 kwa kadi kumi ndani ya seti yake ya kawaida, namba 135 hadi 144. Mpaka wake una rangi ya mbao, na rangi hiyo hubanduka kwa urahisi, kwa hiyo kadi yenye mpaka usio na chembe nyeupe hata moja iangalie mara mbili. Namba 139 ina mtego wake: ilitumika kwa Ruth na pia kwa mrushaji Hal Reniff, hivyo soma jina kabla ya kulipa.

Hatua ya 2: Nunua vifaa kabla ya kadi

Unahitaji vitu vitano, na vyote kwa pamoja ni nafuu kuliko kosa moja. Lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 (ya mara 16 ni bora kwa wino). Kalipa ya dijitali (kifaa chenye taya cha kupimia urefu na unene) inayosoma milimita, yenye taya za plastiki ili isikwaruze. Tochi nyembamba ya mwanga mweupe. Tochi ya urujuanimno, ile wanayotumia kukagua noti. Na kadi ya shahidi.

Kadi ya shahidi ni kadi ya bei rahisi kabisa, ya mchezaji asiyejulikana, kutoka seti ileile unayoiwinda. Ukitaka Clemente wa 1955, nunua kwanza mchezaji yeyote wa 1955 kwa dola chache, kutoka kwa muuzaji wa kuaminika. Hiyo itakufundisha unene, rangi ya mgongo, mkato wa kingo na sura ya wino. Bila shahidi utakuwa unalinganisha kadi na picha ya kwenye simu.

Hatua ya 3: Kagua kwa mpangilio huu

Nawa mikono, ikauke vizuri. Glavu za pamba hazifai, zinavuta pembe na kupunguza hisia za vidole. Shika kadi kwa kingo juu ya kitambaa laini.

Pima kwanza. T206 ni takriban milimita 36.5 kwa 66.7. Goudey ya 1933 ni 60.3 kwa 73. Bowman ya 1951 ni 52.4 kwa 79.4. Topps za 1952 hadi 1956 ni 66.7 kwa 95.3, na kuanzia 1957 Topps ilishuka hadi 63.5 kwa 88.9, kipimo kinachotumika mpaka leo. Fleer za 1960 na 1961 ni hicho cha mwisho. Mashine za zamani hazikukata sawasawa, kwa hiyo nusu milimita pungufu haithibitishi kitu peke yake, hasa kwa T206. Ila ukikuta kadi ni pungufu na wakati huohuo pembe zake ni kali kuliko uchakavu wa uso wake, acha kuinunua. Pima kila upande sehemu tatu, juu, katikati na chini, kwa sababu mkono wenye kisu mara nyingi huacha ukingo wenye kibonyeo au ulioinama kidogo.

Kipimo pia hufichua marudio ya halali. Mwaka 1983 Topps yenyewe ilichapisha upya seti ya 1952, lakini kwa kipimo kidogo cha 63.5 kwa 88.9, na mgongoni imeandikwa kuwa ni marudio. Ukiuziwa "Mantle wa 1952" anayeingia vizuri kwenye kava la kadi ya kisasa, umeshapata jibu.

Pili, kingo. Ziangalie kwa lenzi kutoka ubavuni. Karatasi iliyozeeka ina rangi ya maziwa yaliyokaa au kahawia hafifu, na uzee huanzia kingoni kuingia ndani. Ukingo mmoja ukiwa mweupe na mingine mitatu imezeeka, ule mmoja umekatwa baadaye. Kadi zilizozeeshwa kwa chai au kahawa hujitambulisha kwa sababu rangi imeenea sawasawa usoni, mgongoni na kingoni, jambo ambalo miaka haifanyi.

Tatu, wino. Hapa ndipo bandia nyingi zinapoanguka. Weka lenzi juu ya jina la mchezaji na mstari mweusi unaozunguka picha. Kwenye kadi halisi za enzi hizi, maandishi na mistari hiyo ilichapishwa kwa wino mmoja mzito, hivyo utaona rangi isiyokatika. Bandia hupatikana kwa kupiga picha ya kadi halisi na kuichapisha upya, kwa hiyo hata herufi nyeusi huwa zimejengwa kwa nukta ndogo za rangi nyingi, na kingo zake zina ukungu. Usichanganyikiwe na nukta zilizomo ndani ya picha yenyewe, kwani kadi nyingi halisi zinazo. Hukumu maandishi na mistari.

Nne, mwanga wa kulalia. Zima taa ya chumba, laza tochi karibu iwe sambamba na uso wa kadi, zungusha kadi polepole. Mikunjo iliyobanwa kwa pasi au kwa uzito hutokea kama mifereji. Rangi iliyopakwa juu ya chubuko hung'aa tofauti na wino wa zamani. Kadi zenye mipaka ya rangi ndizo zinazopakwa zaidi, ile ya mbao ya 1962 na mipaka myeusi ya Topps ya 1971. Kwa lenzi utaona rangi mpya imeloweka nyuzi za karatasi na kufunika nukta.

Tano, urujuanimno. Viwanda vya karatasi vilianza kutumia kemikali za kung'arisha baada ya vita. Kwa hiyo T206 au Goudey ya 1933 inayowaka rangi ya buluu nyeupe kwenye giza haikuchapishwa mwaka huo. Kwa kadi za miaka ya 1950 na baadaye, usitoe hukumu kwa tochi peke yake, ilinganishe na shahidi. Tochi hiyohiyo huonyesha gundi, pembe zilizojengwa upya na doa lililofutwa kwa kemikali.

Mwisho, mgongo. Wanaoanza huusahau. Kadi nyingi za sigara zilibandikwa kwenye albamu, na zikibanduliwa huacha sehemu iliyochunika. Mbele inaweza kuwa safi kabisa huku mgongo haumo, na thamani inashuka vibaya. Kama muuzaji hajaweka picha ya mgongo, iombe. Akikataa, endelea na safari yako.

Hatua ya 4: Elewa madaraja, usiyaabudu

Kampuni za PSA, SGC na Beckett hukagua kadi, huipa daraja kati ya 1 na 10, kisha huifunga ndani ya kasha gumu la plastiki. Kwa kadi ghali kasha ni kinga ya lazima. Kwa kadi ya dola 30 gharama ya kupimiwa daraja itaimeza kadi yenyewe.

Soma lebo yote, usiishie kwenye namba. Kwenye makasha ya PSA herufi OC zina maana picha haiko katikati, MK kadi imeandikwa, ST ina doa, MC imekatwa vibaya kiwandani. Kadi ya 7 yenye OC haina bei ya 7. Neno "Authentic" bila namba lina maana kadi ni halisi lakini mara nyingi imechezewa, na kwa gwiji ghali hiyo inaweza kuwa njia halali ya kumpata, ilimradi ulipe bei ya kadi iliyochezewa.

Makasha nayo hughushiwa. Chukua namba ya cheti, iingize kwenye tovuti ya kampuni husika, na ulinganishe kadi na picha iliyopo: mahali pa mkunjo, umbo la doa, upana wa mipaka. Kila kadi ya zamani ina makovu yake, na makovu hayafanani.

Wapimaji hukosea pia. Kadi maarufu ya Wagner iliyowahi kumilikiwa na Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafu, ilipewa daraja la 8, na mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Ndiyo maana hatua ya 3 inakuja kabla ya hii.

Kati ya daraja la 1 na la 4 ndipo pesa ndogo inapofanya kazi kubwa. Tafuta kadi iliyoshushwa daraja kwa kosa lisiloonekana mbele: mkunjo mwembamba, doa la nta ya karatasi ya pakiti mgongoni, au tundu la pini pembeni. Wakati huohuo uso wa mchezaji uwe safi na rangi ziwe hai. Kadi namba 1 ya seti yoyote, na ya mwisho, mara nyingi huwa imechakaa kuliko wenzake, kwa sababu watoto walifunga mafurushi yao kwa mpira na ncha mbili ndizo zilizoumia. Andy Pafko, namba 1 wa Topps ya 1952, anasifika kwa hilo.

Hatua ya 5: Tafuta bei ya kweli, ndipo ununue

Bei inayotakiwa na muuzaji si bei. Kwenye eBay chagua kuonyesha vilivyouzwa, mfumo unarudi nyuma takriban siku 90. Chukua mauzo matano au sita ya kadi ileile, daraja lilelile, kampuni ileile ya upimaji. Ondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, chukua wastani wa yaliyobaki. Pale penye alama kwamba ofa ilikubaliwa, bei inayoonekana inaweza kuwa ya juu kuliko iliyolipwa.

Kwenye nyumba za mnada ongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi karibu asilimia 20. Ukinadi dola 500, utalipa 600, kisha usafirishaji na kodi. Andika kikomo chako kwenye karatasi kabla mnada haujaanza na ujumuishe ada hiyo ndani yake.

Kadi isiyo ndani ya kasha inunue tu kama muuzaji anarudisha pesa na umelipa kwa njia yenye ulinzi. Maelezo kama "sijui chochote kuhusu kadi, zilikuwa za babu" yakiambatana na Ruth, Cobb na Mantle katika furushi moja ni dalili ya bandia. Babu wa kweli aliacha wachezaji wengi wa kawaida na gwiji mmoja au wawili. Epuka pia picha zenye ukungu, na picha za kadi iliyomo ndani ya kava lililokwaruzika.

Ukiwa Afrika Mashariki, uliza ushuru wa forodha kabla ya kuagiza, na kama una ndugu Marekani, mwombe apokee na kukagua kadi kule kabla muda wa kurudisha haujapita.

Hatua ya 6: Tunza

Kila kadi iingie kwanza kwenye mfuko laini wa plastiki isiyo na PVC, kisha kwenye kava gumu. PVC hutoa kemikali zinazoganda usoni na kuondoka na wino. Ingiza pembe moja ya chini kwanza huku ukipanua mdomo wa mfuko kwa kidole. Ukisukuma pembe mbili kwa pamoja utaiviringisha moja. Zingatia saizi: Topps za 1952 hadi 1956 zinahitaji mifuko mikubwa zaidi, na T206 ikiwekwa kwenye mfuko wa kawaida huteleza na kuumia, hivyo nunua ya saizi ya sigara.

Kinachoua karatasi ni unyevu unaopanda na kushuka. Lenga unyevu wa asilimia 40 hadi 50 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar hilo halipatikani kwa kufungua dirisha. Tumia sanduku la plastiki lenye mpira mdomoni, weka kipima unyevu kidogo ndani na pakiti za jeli ya silika, na kila kipimo kikipita 55 badilisha pakiti au zikaushe upya. Usiweke sanduku sakafuni wala lisiegemee ukuta wa nje. Kadi unayotaka kuitundika iwe nyuma ya kioo cha kuzuia urujuanimno, mbali na jua la moja kwa moja. Wekundu ndio hufifia mapema.

Usifute doa kwa kifutio, usipige pasi, usitumie kemikali. Kazi moja tu wakusanyaji wengi huikubali, nayo ni kuloweka kadi ya sigara iliyobakiwa na karatasi ya albamu mgongoni. Jizoeze kwa kadi ya bei ndogo. Tumia maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya betri yasiyo na tindikali, yakiwa na joto la kawaida. Laza kadi humo kuanzia dakika 30 hadi saa kadhaa na uache karatasi iachie yenyewe. Ukiivuta utachuna mgongo. Kausha kati ya karatasi nyeupe za kunyonya maji chini ya vitabu vizito, ukibadilisha karatasi kila baada ya saa chache siku ya kwanza, kisha iache siku mbili zaidi. Kadi yenye maandishi ya kalamu usiiloweke.

Hatua ya 7: Rekodi na usafirishaji

Siku ileile kadi inapofika, ipige picha mbele na nyuma, na uandike seti, namba, mchezaji, daraja, namba ya cheti, tarehe, bei pamoja na gharama zote, na kasoro kwa maneno yako. Hifadhi nakala mahali pawili. Bima na warithi watahitaji orodha hiyo, na bila picha huwezi kuthibitisha kadi iliyoibwa ni ipi.

Ukituma kadi kwa posta, ifunge mdomo wa kava gumu kwa teipu ya wachoraji, ile ya buluu inayobanduka bila kuacha gundi, na kunja ncha ya teipu ili mpokeaji aishike kwa urahisi. Ibane katikati ya vipande viwili vya boksi vilivyozidi kava kwa sentimita mbili kila upande, ifunge kwa plastiki ya mapovu, iweke ndani ya boksi na si bahasha, halafu tikisa. Ukisikia chochote kinacheza ndani, fungua upange upya.